Ahadi za Rais Anayeondoka

Jumatatu ya Machi 3, 2025, Marekani ilisimamisha silaha zilizokuwa zipelekwe Ukraine. Bunge halikupiga kura. Hakuna mkataba uliovunjwa wala jeshi lililoshindwa. Ijumaa iliyotangulia Rais Volodymyr Zelensky alikuwa White House akitupiana maneno na Rais Donald Trump na makamu wake, JD Vance, mbele ya kamera, kisha akaondoka hata chakula cha mchana hakijaliwa. Baada ya silaha zikafuata taarifa za kijasusi, ambazo Ukraine inazitegemea kujua makombora ya Urusi yanarushwa kutoka wapi. Machi 11, wajumbe wa nchi hizo mbili walipokutana Jeddah, vyote vikaruhusiwa tena.

Vijiweni kwetu kisa kile kilijadiliwa kama ugomvi wa wanaume wawili: mgeni kakosa adabu, mwenyeji kamtoa nje. Nadhani tulikipunguza sana. Kilichotokea wiki ile ni jambo la kawaida katika historia ya vita. Nchi inapigana kwa silaha za rafiki, rafiki anafanya uchaguzi, na aliyeahidi hayupo tena ofisini.

Nina maoni juu ya jambo hilo ambayo huenda yasiwafurahishe wanaomwonea Zelensky huruma, wala wanaomshangilia Trump. Serikali mpya ina haki ya kuvikataa vita vya serikali iliyopita. Wananchi wangepiga kura ya nini kama haina? Wa kulaumiwa kwanza ni yule aliyeondoka, aliyeahidi kwa jina la nchi kitu ambacho nchi haikuwahi kukikubali. Anayemfuata ni yule aliyeahidiwa, kwa kutouliza.

Saigon inalionyesha hilo kuliko mahali pengine popote. Mwishoni mwa mwaka 1972 Nguyen Van Thieu, rais wa Vietnam Kusini, aligoma kuikubali rasimu ya amani ambayo Henry Kissinger, mjumbe wa Marekani, alikuwa ameijadili na Hanoi, yaani serikali ya Vietnam Kaskazini. Sababu yake ilikuwa nzito: rasimu iliyaacha majeshi ya Kaskazini yabaki pale yalipo, ndani ya ardhi ya Kusini. Richard Nixon, rais wa Marekani, aliyekuwa na haraka ya kuwarudisha askari wake nyumbani, alimwandikia barua za faragha, ikiwamo ya Novemba 1972 na nyingine ya Januari 1973, akimhakikishia kwamba Hanoi ikivunja makubaliano Marekani itajibu kwa nguvu zote. Thieu akalegea. Makubaliano yakatiwa saini Paris, Januari 27, 1973.

Bunge la Marekani halikuonyeshwa barua hizo. Nalo, bila kujua rais amemwahidi nani kitu gani, lilikuwa na shughuli yake. Juni mwaka huohuo lilipitisha marufuku ya harakati zozote za kijeshi za Marekani katika Indochina kuanzia Agosti 15, 1973. Utazame mpangilio huo. Nixon bado yupo madarakani, barua bado ziko kwa Thieu, na ahadi tayari imekufa kisheria. Nixon alipojiuzulu kwa kashfa ya Watergate, Agosti 9, 1974, yalibaki mazishi tu.

Mrithi wake, Gerald Ford, alimwandikia Thieu siku iliyofuata kumtuliza kwamba ahadi zilizotolewa na nchi yake zingali palepale na zitatimizwa. Sidhani kama Ford alikuwa anadanganya. Alikuwa rais ambaye taifa halikuwahi kumpigia kura, si kwa urais wala kwa umakamu, akiahidi kutumia fedha ambazo si zake. Novemba 1974 wapiga kura waliokasirishwa na Watergate wakalijaza Bunge wajumbe wapya wa chama cha Democratic. Msaada wa kijeshi kwa Saigon mwaka ule wa fedha ulikuwa umeshashuka hadi dola milioni 700, chini ya nusu ya kilichokuwa kimeombwa. Bei ya mafuta nayo ilikuwa imepaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, kwa hiyo hata hizo milioni 700 zilinunua kidogo. Na jeshi la Thieu lilikuwa limefundishwa kupigana Kimarekani, kwa helikopta, kwa ndege, kwa mizinga inayomwaga makombora bila kuhesabu. Jeshi lililolelewa kwa utajiri haliwezi kuanza kupigana kimaskini eti kwa sababu bajeti imepunguzwa.

Hanoi ilipima kwanza. Januari 6, 1975 jimbo la Phuoc Long, kaskazini mwa Saigon, likaanguka lote. Haikuja hata ndege moja ya Marekani ya B-52. Kuanzia hapo wakubwa wa Hanoi hawakuwa na haja ya kubashiri. Aprili 10 Ford alisimama mbele ya Bunge kuomba dola milioni 722 za dharura za kijeshi, akanyimwa. Aprili 21 Thieu akajiuzulu kwa hotuba ndefu ya televisheni yenye uchungu mwingi dhidi ya Marekani. Aprili 30 vifaru viliingia ikulu ya Saigon. Siku hiyohiyo, mjini Washington, aliyekuwa waziri wa Thieu, Nguyen Tien Hung, akawaonyesha waandishi wa habari zile barua za Nixon. Ndipo wananchi wa Marekani walipojua walikuwa wameahidi nini.

Wapo wanaoliita Bunge lile msaliti. Siafiki hata kidogo. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa katika vita vile. Thieu mwenyewe alikuwa amejichaguza mwaka 1971 akiwa mgombea pekee. Kama mlipa kodi wa Ohio aliona imetosha, alikuwa na haki ya kuona hivyo, na mbunge wake alikuwa na wajibu wa kumsikiliza. Uovu uko kwenye zile barua. Mtu mmoja alimwondolea mwenzake hofu iliyokuwa sahihi, akampa badala yake saini isiyokuwa na kitu nyuma yake.

Kabul imeonja hali hiyo mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Askari wa mwisho wa Kisovieti waliondoka Afghanistan Februari 15, 1989, na dunia nzima ikatabiri kwamba Rais Najibullah angeanguka baada ya wiki chache. Hakuanguka. Machi mwaka huo mujahidina waliushambulia mji wa Jalalabad wakashindwa kuutwaa. Kilichomshikilia Najibullah ni ngano, mafuta, silaha na fedha kutoka Moscow, ambazo aliwagawia majenerali na wakuu wa wanamgambo ili wabaki upande wake. Kisha Moscow ikageuka. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1991 kushindwa, Wasovieti na Wamarekani walikubaliana kuacha kupeleka silaha kwa pande zote za Afghanistan kuanzia Januari 1, 1992. Siku hiyo ilipofika, Umoja wa Kisovieti wenyewe haukuwapo. Mapema mwaka 1992 Abdul Rashid Dostum, jenerali aliyekuwa nguzo ya Najibullah kaskazini, akahamia upande wa pili. Aprili serikali ikaanguka. Najibullah alikuwa amedumu miaka mitatu bila askari wa kigeni hata mmoja, na miezi minne tu bila fedha za kigeni. Wanaodhani msaada ni bunduki wayatazame mahesabu hayo.

Mara ya pili ilikuwa kinyume chake. Februari 29, 2020 serikali ya Trump ilitia saini makubaliano ya Doha na Taliban, huku serikali ya Kabul ikiwa haimo mezani. Joe Biden aliposhinda, wengi waliokuwa karibu na Rais Ashraf Ghani walitumaini kwamba rais mpya angeyatupa. Biden akayashika, akasogeza tarehe tu. Agosti 15, 2021 Ghani akakimbia. Vyama viwili vya Marekani visivyoweza kukubaliana hata juu ya barakoa vilikubaliana kuondoka Afghanistan, kwa sababu wapiga kura wa pande zote mbili walikuwa wamechoka. Kabul ilisubiri serikali ibadilike. Wananchi walikuwa wamebadilika zamani.

Sasa turudi Ukraine, maana huko mambo yamechanganyika zaidi na yana mengi ya kufundisha.

Watu husema msaada wa Marekani ulikatika kwa sababu Trump alishinda. Kalenda haisemi hivyo. Oktoba 2023 Biden aliliomba Bunge fedha mpya kwa ajili ya Ukraine. Sheria aliisaini Aprili 24, 2024, ikiwa na takriban dola bilioni 61 kwa ajili ya vita hivyo. Kwa miezi sita hivi rais alikuwa yuleyule, mwenye msimamo uleule, na makombora ya mizinga yakaadimika Ukraine. Mji wa Avdiivka ukaanguka Februari katikati ya uhaba huo. Kilichokuwa kimebadilika ni Baraza la Wawakilishi, lililoingia mikononi mwa chama cha Republican Januari 2023, kisha likamng'oa spika wake mwenyewe Oktoba. Spika mpya, Mike Johnson, aliuweka mswada kando miezi yote hiyo akisikilizia upepo wa mgombea ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote serikalini. Uchaguzi huanza kuathiri msaada siku wanasiasa wanapouogopa, na siku hiyo huja mapema sana kuliko siku ya kupiga kura.

Biden naye alikuwa na njia kuu mbili za kupeleka silaha, na tofauti yake ni muhimu. Ya kwanza ni kuchota kwenye maghala ya jeshi: rais anasaini, mzigo unaweza kuondoka baada ya siku chache. Ya pili ni kuingia mikataba na viwanda vitengeneze silaha mpya, kazi ya miezi na pengine miaka. Ile ya haraka inategemea kalamu ya mtu mmoja. Trump alipoapishwa Januari 20, 2025 alikuta ruhusa ya kuchota silaha za karibu dola bilioni 3.85 ikiwa haijatumika, akaiacha. Ile ya polepole ina viwanda ndani yake, na viwanda vina wafanyakazi, na wafanyakazi wana wabunge. Hata iliposimamishwa Machi haikukaa muda mrefu. Sehemu kubwa ya silaha za Marekani zilizofika Ukraine mwaka wa kwanza wa Trump zilikuwa zimeagizwa na kulipiwa na mtangulizi wake.

Kuna jambo jingine ambalo Biden alilifanya kama mtu anayejua anaweza kuondoka. Juni 2024, miezi mitano kabla ya uchaguzi, nchi za G7 zilikubaliana kuikopesha Ukraine dola bilioni 50, na deni lilipwe kwa faida inayotokana na mali ya Urusi iliyozuiwa nje, iliyo nyingi barani Ulaya. Fungu la Marekani, dola bilioni 20, lilitolewa Desemba, likaingia kwenye mfuko ulio chini ya Benki ya Dunia. Trump alipokula kiapo fedha hizo zilikuwa zimeshatoka hazina. Mnaweza kuupenda au kuuchukia mpango huo, lakini huyo ni kiongozi aliyeacha fedha badala ya barua.

Na tangu Julai 2025 utaratibu umegeuka kabisa. Nchi za Ulaya zinanunua silaha za Kimarekani kupitia NATO na kuzipeleka Ukraine. Viwanda vinauza, Trump anajisifu kwamba mlipa kodi wake halipi kitu, Ukraine inapata makombora ya kujikinga, na Mjerumani na Mholanzi wanalipa bili. Si urafiki aliouahidi Biden. Ila ni mpango ambao rais mwenye mashaka na Ukraine hana sababu kubwa ya kuuvunja, na huenda ndiyo nguvu yake.

Slovakia nayo inachekesha kidogo. Serikali zilizotangulia mjini Bratislava zilikuwa zimetoa bure mtambo wa kutungulia ndege wa S-300 na ndege 13 za kivita aina ya MiG-29. Robert Fico akafanya kampeni akiapa kwamba hatatoa hata risasi moja kwa Ukraine, akashinda Septemba 30, 2023, akawa waziri mkuu Oktoba. Neno lake alilitimiza: zawadi kutoka maghala ya serikali zilikoma. Lakini viwanda vya silaha vya Slovakia, vyenye oda za mizinga na makombora ya milimita 155, havikufungwa. Biashara iliendelea, na serikali yake haikuizuia. Kwa hiyo katika nchi ambayo kiongozi wake anaipinga Ukraine kwa sauti kubwa, kuna mafundi wanaoingia zamu asubuhi kutengeneza makombora yanayoishia vitani Ukraine. Ajira zilipona mabadiliko ya serikali ambayo hisani haikuyapona.

Italia ilitarajiwa kuyumba Oktoba 2022, Giorgia Meloni alipomrithi Mario Draghi, kwa sababu washirika wake katika serikali ya mseto, Silvio Berlusconi na Matteo Salvini, walikuwa na historia ya ukaribu na Vladimir Putin. Haikuyumba. Meloni alikuwa anaihitaji Brussels na Washington zimwamini, na Ukraine ilikuwa bei ya kuaminiwa huko. Uingereza tangu vita vianze imepitisha mawaziri wakuu Johnson, Truss, Sunak na Starmer, ikahama kutoka Conservative kwenda Labour, na mtu aliyeko mstari wa mbele Donetsk hakuona tofauti yoyote. Januari 16, 2025 Keir Starmer alikwenda Kyiv akasaini makubaliano ya ushirikiano wa miaka 100. Miaka mia! Hakuna hata mmoja wa waliosaini atakayekuwapo kuulizwa. Mimi natazama zaidi zile pauni bilioni 3 kwa mwaka zilizomo kwenye bajeti yao.

Poland inatoa somo la hofu. Septemba 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi, wakulima wakiwa wamekasirishwa na nafaka ya Ukraine iliyojaa sokoni kwao, waziri mkuu Mateusz Morawiecki alitangaza kwamba Poland haipeleki tena silaha Ukraine, inajipanga yenyewe kwanza. Serikali yake ikashindwa, Donald Tusk akaingia Desemba, misaada ikaendelea. Hata Morawiecki hakuwa mpenzi wa Urusi. Alikuwa mtu anayetafuta kura za vijijini. Nchi inayopakana na Belarus na Kaliningrad ya Urusi haina chama chenye ubavu wa kujifanya kwamba vita vya Ukraine ni vya watu wengine.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuyaazima yote haya kutoka mbali. Msumbiji iko hapa.

RENAMO, kundi la waasi wa Msumbiji, iliundwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 na idara ya ujasusi ya Rhodesia, serikali ya walowezi chini ya Ian Smith, ili kuiadhibu Msumbiji kwa kuwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe. Kisha walowezi wakapoteza nchi. Robert Mugabe alishinda uchaguzi, na Zimbabwe ikawa huru Aprili 18, 1980. Kwa hesabu ya kawaida RENAMO ilipaswa kufa mwezi huo: aliyeiunda, aliyeilisha, aliyeipa redio ya kutangazia, ameondoka. Kilichofanyika ni kwamba Waafrika Kusini waliichukua, watu na redio yao, wakawahamishia Phalaborwa, Transvaal. Makaburu walikuwa na hofu ileile waliyokuwa nayo Wazungu wa Salisbury, na walikuwa na fedha zaidi. Vita vikakua badala ya kuisha.

Upande wa pili mabadiliko yaleyale yaliipa Msumbiji rafiki pale palipokuwa na adui. Salisbury iliyokuwa ikituma ndege kupiga mabomu kambi za Msumbiji ikawa Harare inayotuma askari kulinda reli na bomba la mafuta kutoka Beira hadi Mutare. Mapenzi ya Mugabe kwa Samora Machel, rais wa Msumbiji, yalikuwa ya kweli, lakini Zimbabwe haina bahari. Bila Beira, mizigo yake ingepita bandari za Afrika Kusini na shingo yake ingekuwa mikononi mwa Pretoria. Rafiki wa namna hiyo haondoki kirahisi, awe nani ikulu.

Machi 16, 1984 Machel na P. W. Botha wa Afrika Kusini walisaini makubaliano ya Nkomati, kila mmoja akiahidi kutowasaidia wapinzani wa mwenzake. Mwaka uliofuata makao makuu ya RENAMO huko Gorongosa yalitekwa, na humo zikakutwa nyaraka zilizoonyesha kwamba jeshi la Afrika Kusini lilikuwa limeendelea kuisaidia. Serikali ilisaini, jeshi likaendelea na lake. Tunapouliza kama serikali mpya itabadilisha msaada, inafaa kuuliza pia kama serikali ya zamani ilikuwa inaongoza nani.

Na Tanzania? Novemba 5, 1985 Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi ikulu Ali Hassan Mwinyi. Nchi ilikuwa hoi: maduka matupu, mafuta ya shida, deni la vita vya Kagera bado linauma. Agosti 1986 serikali mpya ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo Mwalimu alikuwa ameyapiga vita kwa miaka. Mzee Mwinyi alifungua milango mingi iliyokuwa imefungwa, ndiyo maana watu wakamwita Mzee Ruksa. Mtu yeyote angetarajia kwamba kitu cha kwanza kukatwa ni gharama za kupigana vita vya jirani. Badala yake, mwaka 1987, miezi michache baada ya Machel kufa kwenye ajali ya ndege huko Mbuzini, askari wa Tanzania walikuwa Zambezia wakilisaidia jeshi la Msumbiji. Hadi mwisho wa mwaka 1988 walikuwa wamerejea.

Kwa nini serikali iliyobadilisha uchumi wote haikubadilisha hilo? Kwanza, Mwalimu aliondoka ikulu lakini alibaki mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na sera ya ukombozi ilikuwa mali ya chama. Pili, FRELIMO, chama kilichoikomboa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam, Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifundishwa Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Hilo lilikuwa limekaa ndani ya jeshi, ndani ya ofisi, ndani ya nyumba za watu wa kusini waliolala na mizinga ya Wareno ng'ambo ya Ruvuma. Rais mmoja mpya asingeweza kulifuta hata kama angetaka.

Lakini nisiipambe hadithi hii. Uthabiti ule ulikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyemwuliza mwananchi. Chama kilikuwa kimoja. Mama aliyepanga foleni ya sukari hakuwa na mahali pa kusema kwamba mwanawe asipelekwe Zambezia. Washirika huzipenda nchi zisizobadilisha serikali, na Msumbiji ilikuwa na sababu nzuri ya kuipenda Tanzania ile. Anayelipa gharama ndiye ambaye pengine angependa kuulizwa. Mimi naamini Watanzania wengi wangekubali. Ningependa tu kuwe na siku ambayo walikubali.

Siku hizi tunaulizwa, kwa kiasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya kupeleka majeshi nje kwa shughuli za amani. Mpango wa kikosi cha Afrika Mashariki kwenda mashariki mwa Kongo uliiva chini ya Uhuru Kenyatta mwaka 2022. Aliyeutekeleza ni William Ruto, aliyeapishwa Septemba 13 baada ya kumshinda mgombea aliyeungwa mkono na Uhuru. Uadui wa kampeni haukuzuia kikosi. Novemba 2 Ruto aliwakabidhi askari bendera ya taifa. Bunge liliidhinisha siku chache baadaye, zaidi ya askari 900, likiwa limeshaona bendera hiyo kwenye televisheni.

Mwaka mmoja baadaye urafiki ulikuwa umechacha. Kinshasa ilitaka askari hao wapigane na waasi wa M23, wenyewe walisema wamekuja kusimamia usitishaji wa mapigano. Desemba 2023 kikosi kikaondoka, mwezi huohuo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaingiza askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Goma ilipoanguka Januari 2025, Malawi, iliyokuwa na uchaguzi Septemba, ilitangaza mapema Februari kwamba inajiandaa kuondoa askari wake. Machi 13 SADC ikafunga shughuli nzima. Watu wa Goma waliona marafiki wawili wakija na kuondoka katika muda mfupi. Na ni raia wachache waliowahi kuyasoma makubaliano ya nchi zilizowaleta na Kinshasa, walikuja kufanya nini na wangekaa hadi lini.

Hapo ndipo ninapowaona wabunge wetu, wa Dodoma na wa Nairobi, wakiwa wadogo kuliko kazi yao. Hatuwezi kuzizuia serikali zisibadilike, na Mungu aepushe siku tutakayoweza. Tunaweza kudai kwamba askari wetu wanapovuka mpaka kumsaidia jirani, makubaliano yasomwe bungeni kabla ya bendera kukabidhiwa, gharama itajwe kwa shilingi, tarehe ya kuyapitia upya iandikwe, na vyama vya upinzani viseme hadharani vitafanya nini vikishika dola. Jirani aliyevamiwa atajua mapema ni kiasi gani cha msaada kitabaki baada ya uchaguzi wetu, na atajipanga. Mbunge wako akirudi jimboni kuomba kura, muulize kama amewahi kuyaona makubaliano yaliyowapeleka askari wetu Kongo. Akisema hajayaona, muulize alipiga kura juu ya nini.